Kufinyanga, Kukata Plastiki, Kuchonga au Kuchapisha: Ulinganisho wa Njia za Kuunda Meli za Anga za Michezo ya Mezani Nairobi

Anayeanza kuunda meli za anga kwa ajili ya michezo ya mezani hapa Nairobi hukutana mapema na ushauri unaogongana. Mmoja atamwambia anunue printa ya resini na asijisumbue na jambo jingine, mwingine atashikilia kwamba meli isiyofinyangwa kwa vidole haina uhai, na wa tatu atamtuma Gikomba akachague vichezeo vilivyovunjika ili avigeuze kuwa manowari. Kila mmoja ana sababu zake, lakini wote huruka mambo mawili ambayo kwa maoni yangu ndiyo yanayopaswa kuamua: umbo la meli yenyewe, na idadi ya meli zinazofanana ambazo mchezo unadai. Meli yenye mbavu bapa na kona kali haiundwi vyema kwa kitu kile kile kinachounda meli yenye mgongo uliopinda kama wa papa. Na mtu anayehitaji manowari moja ya kamanda hana sababu ya kufuata njia ya yule anayehitaji vyombo kumi na viwili vya kusindikiza vilivyo sawa sawa. Bei nayo ina uzito wake, ila haiwezi kupimwa kabla ya hayo mawili kujulikana.

Kipimo huamua mengi kabla hujashika kisu

Michezo ya meli za anga haina kipimo kimoja. Modeli za X-Wing, mchezo uliotoka mwaka 2012, zilitengenezwa kwa kipimo cha 1/270, kwa hiyo chombo cha rubani mmoja hushikika kwa vidole viwili na kioo cha rubani bado huonekana wazi. Full Thrust, iliyotolewa na kampuni ya Uingereza ya Ground Zero Games mwanzoni mwa miaka ya 1990, ni mchezo wa namna nyingine kabisa: huhusu mapambano ya manowari kubwa, humpa mchezaji kanuni za kujibunia meli yake mwenyewe, na haimlazimishi kutumia modeli za kampuni yoyote. Kwa kuwa kampuni hiyo imeziweka kanuni zake mtandaoni bila malipo, ndio mchezo ninaompendekezea mtu anayetaka kucheza kwa meli alizoziunda kwa mikono yake.

Tuchukue kipimo cha 1/3000, ambacho huifanya manowari ya mita 300 iwe na urefu wa sentimita 10 mezani. Kwa kipimo hicho, mtu mzima ana urefu usiofika milimita 0.6. Kibao cha plastiki chenye unene wa robo milimita kinawakilisha deraya ya sentimita 75, na mchirizi wa nusu milimita uliochorwa kwa ncha ya kisu ni handaki la mita moja na nusu. Hesabu hizi zina matokeo yanayoonekana kwa macho. Mtu akitoboa madirisha ya milimita 2 ubavuni, jicho la mtazamaji hudhani kwamba dirisha ni la mita moja hivi, na papo hapo manowari ya mita 300 hugeuka kuwa chombo cha mita 50. Hakuna rangi itakayoirudishia ukubwa wake. Kwa sababu hiyo, swali la kwanza la kuiuliza njia yoyote ni hili: inaweza kutoa alama ndogo kiasi gani bila kuharibika? Ncha ya sindano kwenye pati (donge la kufinyangia linalokaza lenyewe) iliyoanza kukaza hutoa tundu la nusu milimita au pungufu. Printa ya resini hutoa hata ndogo zaidi, ingawa mchirizi ulio chini ya milimita 0.3 kwa kawaida huzibwa na rangi ya msingi. Jiwe humeguka kabla halijakaribia udogo huo.

Vibao vya plastiki

Kwa meli za pande bapa, sijaona njia inayowapita mafundi wa polistirini. Vibao vyeupe vya plastiki hii, ambavyo kampuni ya Evergreen ya Marekani huviuza kwa unene wa milimita 0.25, 0.5, 1.0 na mwingineo, hukatwa kwa namna inayowafurahisha hata wasio na mkono wa ufundi: hukati hadi mwisho, bali unapitisha kisu mara mbili au tatu kando ya rula ya chuma, kisha unakipinda kibao, nacho kinakatika chenyewe juu ya alama na kuacha ukingo ulionyooka. Gundi yake ni kimiminika chepesi kinachoyeyusha plastiki kidogo pale vipande vinapokutana. Unavishikilia vikiwa vimegusana, unagusisha brashi yenye kimiminika kwenye mwanya, nacho hujivuta chenyewe ndani. Baada ya kukauka, vipande viwili vimekuwa kimoja.

Mwili wa meli huundwa vile waunda majahazi wanavyofanya: mkuku mmoja kutoka omo (mbele) hadi tezi (nyuma), mataruma (mbavu za ndani) kadhaa yanayopanda kutoka kwenye mkuku huo, kisha ngozi ya nje. Mataruma yakikatwa kwa kigezo kimoja, ubavu wa kulia na wa kushoto hulingana bila mabishano, na huo ulinganifu ndio unaowashinda wengi wanaofinyanga kwa mkono mtupu. Tahadhari moja inahitajika. Mwili uliofungwa kila upande hubaki na mvuke wa gundi ndani yake, na mvuke huo huendelea kuilainisha plastiki kwa siku kadhaa mpaka ngozi inabonyea. Tundu dogo likitobolewa mahali ambapo kigingi cha kitako, yaani kisimamio cha meli mezani, kitaingia, mvuke hupata njia ya kutoka na tundu lenyewe halionekani.

Udhaifu wa njia hii hapa Nairobi ni upatikanaji. Vibao vilivyotengenezwa mahsusi kwa modeli mara nyingi huagizwa kutoka nje, na ushuru pamoja na usafirishaji huvifanya kuwa ghali kuliko vinavyostahili. Lakini polistirini yenyewe imetuzunguka. Angalia chini ya kikombe cha mtindi au juu ya kifuniko cha kikombe cha kahawa cha kutupwa: pembetatu yenye namba 6 na herufi PS ndiyo unayoitafuta. Namba 5 ni polipropilini, ambayo huikataa gundi hiyo kabisa, na muda mwingi hupotea kwa kutolisoma hilo mapema. Kwa kujaza tumbo la meli kubwa, mabaki ya vibao vya povu la PVC kutoka kwa mafundi wa mabango hufaa vizuri. Ni mepesi, hukatika kwa kisu, na hushikwa na supaglu.

Kuhusu vipande vidogo vya juu, vile vinavyoipa meli sura ya mashine iliyotumika, mafundi wa filamu za anga za miaka ya 1970 walivitoa kwenye masanduku ya modeli za vifaru na ndege za vita. Sisi tuna redio mbovu, kibodi zilizotupwa, na mafungu ya vichezeo vya mitumba. Kagua vitu hivyo ukiwa na kipimo cha meli yako kichwani, kwa maana gurudumu la gari la kuchezea litabaki kuonekana gurudumu hata ukilipaka rangi gani, ilhali meno ya soketi ya kompyuta, yakibandikwa kwa safu nyuma ya injini, huonekana kama mapezi ya kupozea joto.

Pati ya epoksi

Meli ambayo mistari yake imepinda pande mbili kwa wakati mmoja, kama ngamba ya kobe au tumbo la mtungi, haikubali vibao. Hapo ndipo pati ya epoksi inaposhika usukani. Pati hizi huja kwa sehemu mbili zinazokandwa pamoja kwa kiasi sawa mpaka rangi iwe moja, na kuanzia hapo zinakaza zenyewe bila moto.

Mbili ndizo zinazotajwa zaidi, nazo hazibadilishani nafasi kirahisi kama wengi wanavyodhani. Milliput, inayotengenezwa Wales, hulainishwa kwa maji wakati ikiwa mbichi, hukaza kwa takribani saa tatu hadi nne kwenye joto la kawaida la chumba, na ikishakaza huwa ngumu kiasi cha kupigwa tupa, kutobolewa kwa keekee na kusuguliwa kwa msasa wa maji mpaka ing'ae. Green Stuff, ile ya rangi ya samawati na manjano inayogeuka kijani, hutoa muda wa kazi wa saa moja na nusu hivi na hushika alama za nguo na nyuso kwa uzuri wa pekee, lakini hata ikikauka hubaki na unyumbufu kidogo, kwa hiyo ukiipiga msasa hukwaruzika na kuchanika badala ya kulainika. Wafinyanzi wa sanamu za askari huipenda kwa haki kabisa. Meli za anga, ambazo uzuri wake uko kwenye nyuso safi na kingo zilizonyooka, huhitaji Milliput. Green Stuff ningeiachia nyaya, mabomba yaliyojikunja na zile meli za viumbe zinazoonekana kama zimeota badala ya kuundwa. Wapo wanaozichanganya nusu kwa nusu ili kupata ugumu kiasi na mnato kiasi, na mchanganyiko huo unafaa kwa sehemu za mpito kati ya ngozi laini na mitambo.

Kosa la kawaida ni kutaka kuimaliza meli kwa kikao kimoja. Kazi ya pati ni ya hatua. Mdomo wa injini, kwa mfano, huanza na kijiti kilichopakwa mafuta kidogo, kikazungushiwa utepe mwembamba wa pati. Baada ya saa moja na nusu, pati inapokuwa na ugumu wa jibini, unapitisha ncha ya sindano kuzunguka mdomo ili kuchora pete, kisha unatumia ncha ya mviringo kubonyeza vishimo vya ndani kimoja baada ya kingine. Ukibonyeza mapema, alama inajifunga. Ukichelewa, ukingo unapasuka. Ikishakaza kabisa, unaichomoa, unasugua uso wake kwenye msasa uliolazwa juu ya kioo mpaka uwe bapa, halafu ndipo unaibandika tezini. Zana zenyewe si jambo la kuhangaisha: vifaa vya madaktari wa meno vinafaa sana, na spoki ya baiskeli iliyopondwa ncha kwa nyundo kisha ikapigwa tupa hufanya kazi ile ile.

Baridi ya Julai ya Nairobi huchelewesha epoksi. Pati iliyofinyangwa jioni katika chumba kisicho na joto huenda asubuhi bado inabonyea, na dawa yake ni sanduku la katoni lenye balbu ya zamani ya kupasha joto, iliyowekwa mbali na kazi. Jambo la afya lisipuuzwe: epoksi mbichi huweza kuifanya ngozi ya mtu iikatae daima baada ya kuishika mara nyingi, hivyo glavu ni za lazima wakati wa kukanda, na vumbi la kusugua lilowekwe maji badala ya kuachwa lipande hewani.

Upo pia udongo wa polima kama Super Sculpey, usiokauka mpaka uokwe kwa takriban nyuzi 130 za selsiasi, dakika 15 kwa kila milimita 6 za unene. Muda wake wa kazi hauna mwisho, na hiyo ni raha kwa anayejifunza umbo. Lakini bila oveni yenye joto linaloaminika ni afadhali kuuacha, kwa sababu udongo huu umetokana na PVC, na ukiungua juu ya jiko la mkaa hutoa moshi wenye asidi unaodhuru mapafu. Sehemu zake nyembamba pia huvunjika kwa urahisi, na modeli za kuchezea hushikwa na kuangushwa kila wiki.

Mbao na jiwe la Kisii

Njia hii haitajwi na wageni, nasi tunaipita kila siku kwenye masoko ya vinyago. Jiwe la Kisii, linalochimbwa na kuchongwa Tabaka, ni laini kiasi cha kukatwa kwa kisu na kusuguliwa kwa msasa wa maji mpaka uso wake uwe kama kioo. Meli nzito yenye mgongo wa duara, mithili ya kokoto iliyosuguliwa na mto, hupata hadhi katika jiwe hilo ambayo plastiki haiifikii. Michirizi ya asili ya jiwe, ya waridi au ya kijivu, hufaa kwa meli za ustaarabu wa kigeni ambao hautumii vibao vya chuma.

Mipaka yake ni mikali. Uzito wa jiwe ni karibu mara mbili na nusu ya ule wa resini kwa ujazo ule ule, mabawa yenye unene wa chini ya milimita 3 huvunjika meli ikianguka sakafuni, na nakala ya pili iliyo sawa na ya kwanza ni ndoto. Antena na mizinga haziwezi kuchongwa humo. Hutobolewa tundu na kuchomekwa waya wa shaba nyeupe. Kazi ifanywe katika maji na barakoa ivaliwe, kwa kuwa vumbi la mawe ya aina hii linaweza kubeba nyuzi zinazodhuru mapafu. Mbao za mjakaranda ni nyepesi na hazimpi mchongaji shida, lakini nyuzi zake huonekana kubwa mno kwa kipimo cha 1/3000, hivyo lazima vinyweleo vizibwe na uso usuguliwe mara kadhaa kabla ya rangi. Kwa maoni yangu, jiwe na mbao zichaguliwe kwa vituo vya anga, vimondo vya uwanja wa vita, na pengine meli moja ya heshima.

Kuchora kwa kompyuta na kuchapisha

Faida kubwa ya njia hii si kasi, ijapokuwa ndiyo inayotangazwa. Ni ulinganifu na marudio. Katika Blender, programu isiyolipiwa, unaunda nusu ya meli na nusu ya pili inajitokeza yenyewe kama kivuli katika kioo. Ukigundua kwamba mnara wa amri ni mkubwa mno, unaupunguza bila kuvunja kitu. Na faili moja inaweza kutoa meli ya sentimita 4 au ya sentimita 14. Hata hivyo, kujifunza programu hiyo vizuri huchukua miezi, na ni kazi ya kukaa mbele ya skrini. Anayeipenda kazi ya mikono asijilazimishe.

Kuna aina mbili za printa ambazo mtu wa kawaida anaweza kuzifikia. Ya uzi huyeyusha uzi wa plastiki na kuutandaza tabaka juu ya tabaka kupitia mdomo ambao kwa kawaida ni wa milimita 0.4, na tabaka za milimita 0.1 hadi 0.2 huacha mistari inayoonekana kwenye migongo ya mteremko. Kwa manowari ya sentimita 10 ya kipimo cha 1/3000, mistari hiyo ni ngazi za sentimita 30 hadi 60. Printa hii ni nzuri kwa vitako, vituo vikubwa vya anga, na majaribio ya umbo kabla ya kulipia kitu bora. Jihadhari na PLA, uzi unaotumika zaidi, kwani hulainika ukikaribia nyuzi 60, na meli iliyosahauliwa ndani ya gari lililoegeshwa juani mchana inaweza kurudi nyumbani ikiwa imepinda.

Ya resini hukausha kimiminika kwa mwanga wa urujuanimno wa nanomita 405 unaopita kwenye skrini, tabaka moja nzima kwa wakati, na tabaka ya kawaida ni ya milimita 0.05. Kwa ubora wa alama ndogo haina mshindani katika ulinganisho huu. Muda wake una tabia ambayo mnunuzi anapaswa kuielewa: hutegemea urefu wa kwenda juu, wala si idadi ya vitu. Vyombo vya kusindikiza vyenye kimo cha milimita 30 kwenye bamba la printa ni tabaka 600. Kwa sekunde 9 kila tabaka, kazi ni ya saa moja na nusu, kiwe chombo kimoja au vinane. Manowari ya sentimita 10 iliyosimamishwa wima ni tabaka 2,000, yaani saa tano. Katika saa hizo tano stima ikikatika, printa nyingi za resini haziendelei pale zilipoachia, na meli nusu ni taka. Betri ya akiba inayoweza kubeba printa basi ni sehemu ya bei ya mashine, na aihesabu kila anayenunua.

Kuhusu gharama ya kila meli, hesabu ni nyepesi. Tuseme mwili wa chombo cha kusindikiza una ujazo wa mililita 10, na nguzo za kuushikilia pamoja na hasara zinaongeza 3. Lita moja itatoa vyombo zaidi ya 70. Hakuna njia nyingine hapa inayokaribia idadi hiyo.

Lakini resini mbichi ni sumu. Huichoma ngozi, mvuke wake si wa kuvutwa usiku kucha, na chapisho lazima lioshwe kwa spiriti ya isopropili kisha likaushwe zaidi kwa mwanga, kazi ambayo jua la Nairobi la saa sita huifanya vizuri kwa dakika chache. Spiriti iliyotumika isimwagwe kwenye mfereji. Iachwe juani ndani ya chombo cha wazi mahali pasipo na watoto wala moto, mpaka mabaki ya resini yagande na kutupwa yakiwa yabisi. Resini nayo, kama epoksi, haipendi baridi: chini ya nyuzi 20 hunata na kushindwa kushika bamba, na asubuhi za Julai chumba kisichopashwa joto huwa chini ya hapo. Kwa anayeishi kwenye chumba kimoja, akipika, akilala na kufanya kazi humo humo, nasema bila kusita kwamba asiweke printa ya resini ndani. Achore meli nyumbani, kisha ampelekee faili mchapishaji anayetoza kwa gramu au kwa saa, au aulizie karakana za pamoja kama Gearbox na ile ya FabLab ya Chuo Kikuu cha Nairobi.

Nakala za meli iliyoundwa kwa mkono

Aliyeunda meli nzuri kwa plastiki na pati hafungiwi kwenye nakala moja. Hutengeneza kalibu ya silikoni na kumimina resini ya poliurethani ndani yake. Meli ya kuzalia nakala iundwe ikiwa na wazo hilo tangu mwanzo: mashimo ya ndani yenye mdomo mwembamba hunasa silikoni na kuichana, na mabawa marefu ni afadhali yamiminwe peke yake. Silikoni zinazokazwa kwa platinamu hukataa kukaza zikigusana na udongo wenye salfa au na chapisho la resini ambalo halijakauka kikamilifu, na matokeo yake ni kalibu yenye ute usiokauka kamwe. Zile zinazokazwa kwa bati ni stahimilivu zaidi, ingawa kalibu zake hazidumu sana.

Wengine huuliza juu ya chuma. Viwanda vya nje husubu aloi ya bati kwa kalibu za mpira zinazozungushwa, lakini mpira huo huivishwa kwa joto na mgandamizo unaoiponda meli ya plastiki. Mafundi wa Kariobangi wanaomimina alumini kwenye mchanga ni hodari, ila alumini huyeyuka kwa nyuzi 660 na chembe za mchanga zingefuta kila mchirizi tuliouhangaikia. Wakatoe vitako vizito. Na nakala ziwe za meli yako mwenyewe: modeli za kampuni zinalindwa, hata hapa, chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001.

Nani achague nini

Mwanafunzi mwenye kisu, rula na chumba kimoja aanze na polistirini iliyookotwa na paketi moja ya Milliput, achague meli za kona kali, na kikosi chake kiwe cha meli nne au tano zenye sura tofauti. Mchezo unaomruhusu kubuni meli humfaa zaidi kuliko ule unaodai vikosi vya meli pacha. Anayetaka kikosi kikubwa, na ana baraza au chumba cha nje chenye hewa, anunue printa ya resini pamoja na betri yake, naye akubali kwamba miezi ya kwanza ni ya kujifunza kuchora. Mwenye fedha kidogo lakini mwenye kompyuta achore na kulipia uchapishaji. Anayevutiwa na maumbo ya viumbe, meli zenye mbavu na mikia, afinyange. Programu za kompyuta zinaweza kuyatoa maumbo hayo, lakini mkono huyafikia mapema zaidi na kwa upya ambao faili za kununua hazina.

Mimi hupendelea mchanganyiko: manowari ya kamanda iundwe kwa vibao na pati, vyombo vya kusindikiza vichapishwe. Ili visionekane kama vimetoka viwanda viwili, upana wa michirizi na ukubwa wa madirisha ya manowari upimwe kwanza, kisha vipimo hivyo hivyo vitumiwe kwenye mchoro wa kompyuta. Vyote vipakwe rangi moja ya msingi ya kijivu siku moja, kwa kuwa kijivu hicho hufichua tofauti za nyuso kabla rangi za mwisho hazijazifunika, na bado kuna nafasi ya kurudi na msasa.

Kilichobaki ni kitako, ambacho kiamuliwe kabla ya ngozi ya mwisho kufungwa. Ilaze meli juu ya penseli, uisogeze mpaka isiegemee omo wala tezi, na hapo ndipo tundu la milimita 3 litobolewe kwa kigingi. Kwa meli ya plastiki au resini, kitako cha kawaida kinatosha. Kwa meli ya jiwe, kitako kiwe cha chuma, na upana wake usipungue nusu ya urefu wa meli.